Maji taka yakibisha hodi: barua kwa mwanangu

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Majengo. Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara mbili. Unasema choo cha jirani yako wa mkabala kilifurika usiku wa Jumamosi, maji yakafika hadi kwenye makochi, na sasa hulali vizuri. Unaniuliza: yakija kwangu, Mama, nianzie wapi, na ile dawa ya klorini, Jik, nimwage kiasi gani? Nimeona nikuandikie, maana ya simu utayasahau. Ibandike nyuma ya mlango wa kabati.

Jik ni ya mwisho, mwanangu. Hilo sikulisoma mahali, lilinipata. Ilikuwa 1998, mvua za El Niño, shimo la choo cha ploti likafumuka na uchafu ukaingia ukumbini. Wewe ulikuwa ukitambaa. Nikachukua chupa nzima ya Jik nikaimimina juu ya uchafu vilevile ulivyo. Nikaona haitoshi, nikaongeza dawa ya choo, ile kali ya kutolea madoa. Harufu ikanipiga kama kofi. Macho yakamwaga maji, kifua kikabana nikawa siwezi hata kumwita mtu. Baba yako alinikokota nje kwa ncha ya kanga, nikakaa barazani nikikohoa mpaka adhuhuri. Baadaye muuguzi mmoja akanieleza: Jik ikikutana na asidi ya dawa ya choo hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na mkojo hutoa nyingine mbaya vilevile. Akaniambia pia kwamba hata ningemwaga Jik peke yake ningekuwa nimetupa pesa, kwa sababu uchafu mwingi hula nguvu ya dawa na vidudu vya chini vikabaki salama salimini.

Kwa hiyo sikiliza. Dalili ya kwanza ni tundu la bafu kukoroma watu wa juu wanapomwaga maji. Wewe unakaa chini kabisa, na maji taka ya huko Umoja hushuka yenyewe kuelekea Ruai, kwenye mabwawa ya kusafishia maji taka. Bomba likiziba mbele, yanarudi kutafuta tundu la chini, na tundu la chini ni lako. Ukisikia mkoromo huo, panda ngazi ubishe mlango kwa mlango: mtu asivute choo, asifue, asioge. Usione haya, kila ndoo wanayomwaga juu inatokea kwako. Kisha uweke mfuko wa plastiki wenye mchanga, uliofungwa vizuri, juu ya tundu la bafu, na mwingine ndani ya bakuli la choo. Mchanga uuchote leo, si siku hiyo.

Mtoto apelekwe kwa jirani wa juu kabla hujagusa chochote. Na ile ekstensheni yako inayolala sakafuni nyuma ya televisheni, nimeisema tangu ulipohamia. Itundike ukutani. Maji yakishaifikia usiiguse. Zima umeme kwenye swichi kuu iwapo unaifikia ukiwa umesimama pakavu, na kama huifikii, toka nje umwite msimamizi wa ploti.

Piga picha kabla ya kufagia, mwenye nyumba asije akasema ulimwaga maji mwenyewe. Bomba la ndani ya ploti ni lake. Lile kuu la barabarani ni la Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi, wapigiwe hao. Kijana akijitolea kuingia shimoni kuzibua, mkataze hata kama ana haraka ya hela. Gesi ya mle humwangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayemfuata kumwokoa naye huanguka.

Sasa kusafisha. Gambuti, glavu ndefu za mpira, na kitambaa puani na mdomoni ili usirukiwe na matone. Kidonda chochote kifunikwe. Fungua madirisha. Vile vigumu vizoe kwa kipande cha karai kuukuu, uvitie kwenye mfuko, halafu usukume maji nje. Kisha maji safi na sabuni ya unga, usugue kwa brashi mpaka sakafu ikwaruze chini ya brashi badala ya kuteleza. Hapo suuza. Sasa ndipo Jik inaingia: ile ya kawaida ya kufulia, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, uimwage ilowe dakika 10, kisha usuuze tena, maana mjukuu wangu anatambaa hapo. Ichanganye siku hiyohiyo. Ya jana imeshapungua nguvu. Kuta nazo, mpaka shubiri mbili juu ya alama ya maji.

Godoro la sponji likinywa maji hayo ni la kutupwa. Najua bei yake, na najua utataka kulianika juani wiki nzima. Jua halifiki katikati ya sponji. Unga ulioloa nao utupe, hata kama ni kona ya pakiti tu. Nguo zinaokolewa: zifue peke yake kwa maji moto, uzianike juani. Vyombo vya bati na udongo osha kwa sabuni kisha uvichemshe. Mkeka wa kuswalia wa bibi yako tafadhali upandishe juu ya kabati sasa hivi, pamoja na vyeti vyako ndani ya ndoo ya Kasuku yenye mfuniko. Utaniambia ukiumwagia maji umetwaharika. Sawa, lakini kipindupindu hakisomi fiqhi.

Tangi lenu la chini ya ardhi liko hatua chache tu kutoka shimo la maji taka, nililiona siku ile ya aqiqa. Maji ya humo msinywe, wala msipigie mswaki, mpaka lisafishwe. Na mtu yeyote akianza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele ndani ya siku tano, mpe ORS, ile chumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, hapohapo na mwende hospitali, msisubiri asubuhi.

Glavu nimekununulia jozi mbili, mdogo wako ataleta Ijumaa pamoja na mahamri. Gambuti zipo Gikomba, ila njoo ujaribu mwenyewe. Tangu ujifungue sijui miguu yako imefika namba gani.

Mama yako