Kufundisha Muziki Darasa la Kwanza na la Pili Bila Ala za Dukani

Walimu wapya wa darasa la kwanza na la pili huniuliza mara nyingi namna ya kuendesha kipindi cha muziki katika shule isiyo na kinanda wala ngoma, yenye watoto wengi kuliko madawati. Jibu langu huwashangaza, kwa sababu huwaambia waziweke nyimbo kando kwa majuma ya mwanzo. Watoto wetu hufika shuleni na nyimbo tele walizozipata nyumbani, redioni, kanisani, madrasani na katika michezo ya jioni. Wanachohitaji kutoka kwetu ni sikio lililozoea kusikiliza na mwili uliozoea kushika pigo moja bila kukimbia mbele wala kubaki nyuma.

Kwa hiyo mimi huanza na mapaja. Watoto huketi, hupiga mapaja yao kwa mikono miwili, nami hutembea polepole kati ya madawati kwa hatua zinazolingana na pigo hilo. Nilichagua mapaja badala ya makofi kwa sababu sauti yake ni ya chini, mtoto anaweza kumsikia mwenzake, na mwalimu wa darasa la jirani hapati sababu ya kuja kugonga mlango. Pigo likishatulia, ninanyamaza na kusimama ghafla, na watoto wanatakiwa waache kupiga papo hapo pamoja nami. Usichague mwendo wa taratibu sana kwa kudhani kwamba mtoto mdogo anauhitaji, kwa kuwa mwendo wake wa asili ni wa haraka kuliko wa mtu mzima, naye akilazimishwa kwenda kwa hatua za mzee atauacha mwendo huo mara moja.

Baada ya hapo tunaingia kwenye majina. Kila mtoto hutamka jina lake huku darasa likilipiga kwa makofi silabi kwa silabi: Ju-ma, Ne-e-ma, Ma-ri-a-mu. Kisha tunahamia kwenye vitu vya kila siku, na hapo somo la muziki linaanza kulisaidia somo la kusoma bila mtu kulitangaza. Neno "mtoto" lina makofi matatu, "mbuzi" lina mawili, na "mbwa" nalo lina mawili ingawa kwa macho linaonekana fupi zaidi. Nimewaona watoto waliokuwa wakisumbuka kugawa maneno ubaoni wakiyagawa kwa mikono bila kusita. Mwalimu anayebanwa na ratiba ya kusoma, kuandika na kuhesabu anaweza kumweleza mwalimu mkuu jambo hili pale muziki unapotaka kufutwa kwenye ratiba.

Suala la sauti ndilo ninalolisemea zaidi, kwa sababu hapo ndipo watoto wengi huambiwa kwamba hawajui kuimba. Mtoto wa miaka sita au saba huimba kwa raha, kwa makadirio, kuanzia noti ya Re iliyo juu kidogo ya Do ya katikati ya kinanda hadi noti ya La inayofuata. Mwalimu wa kiume akianzisha wimbo kwa sauti yake ya kawaida, anakuwa chini ya watoto kwa oktavu nzima, yaani ngazi kamili ya noti nane kutoka Do hadi Do. Wengine watajua kupanda wenyewe, lakini wengine watajaribu kumfuata huko chini, na kitakachotoka ni mngurumo. Mwalimu wa kike naye, hasa akiwa amechoka, huanzisha chini mno. Dawa yake ni rahisi: wimbo auanzishe mtoto mwenye sauti nyororo, au uanzishe mwenyewe kwa sauti nyembamba bila aibu. Pili, tuache kuwaambia watoto waimbe kwa nguvu. Wakiambiwa hivyo hupiga kelele, shingo zikakaza, na katika kelele hakuna anayejisikia.

Kuita mahudhurio kwa kuimba ni zoezi zuri la sauti. Mwalimu huita jina kwa noti mbili tu, so ikishuka kwenda mi, naye mtoto hujibu kwa noti zilezile kwamba yupo. Zoltán Kodály, mtunzi wa Hungaria aliyefariki mwaka 1967, ni miongoni mwa watu waliotilia mkazo kwamba sauti ya mtoto ndiyo ala yake ya kwanza, na katika mafundisho yanayobeba jina lake noti hizo mbili ndizo hutangulia, kisha hufuata noti ya la. Kwetu jambo hili si geni, kwani tonik solfa, yaani mfumo wa kuandika noti kwa herufi za do, re, mi, iliyoenezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 bado inaandikwa kwa herufi zake d, r, m katika madaftari ya wanakwaya wengi. Mwalimu aliyewahi kuimba kwaya tayari anacho kifaa hiki. Faida nyingine ni kwamba kila mtoto husikika peke yake kwa sekunde chache bila kusimamishwa mbele ya wenzake, nawe unajua nani ameipata noti na nani bado.

Mchezo wanaoudai kila siku darasani kwangu ni wa kuficha chaki. Mtoto mmoja hutoka nje, chaki inafichwa, na anaporudi wenzake huimba kwa midomo iliyofungwa, sauti ikikua kadiri anavyoikaribia chaki na kupungua anapoiacha. Huwezi kupata njia bora zaidi ya kufundisha sauti kubwa na ndogo.

Ala tunatengeneza wenyewe: chupa za plastiki zenye punje za mahindi na vifuniko vilivyobana kabisa, vizibo vya soda vilivyotobolewa na mtu mzima na kutungwa kwenye waya, makopo, na kayamba la matete kama kuna fundi kijijini. Gawa ala kwa safu moja tu, nyingine zishike pigo kwa mapaja, kisha wabadilishane. Ukizigawa kwa darasa zima siku ya kwanza, kipindi kimekwisha.

Kuhusu ngoma za asili, mwalike mwenye ngoma. Huko Dodoma, kwa mfano, wanawake wa Kigogo ndio wapigaji wa muheme, ngoma ya asili ya Wagogo, na bibi mmoja akikaa na watoto chini ya mwembe atawafundisha kupokezana sauti vizuri kuliko mwalimu aliyesoma kwenye kitabu. Waulize wazee kwanza ngoma ipi inafaa, kwa sababu zipo za jando na unyago zisizochezwa mbele ya watoto. Wapo pia wazazi ambao, kwa imani yao, hawapendi watoto wao washike ala. Hao niliwakuta wakiridhika kabisa na sauti, makofi au dufu, na mtoto hakukosa chochote cha msingi.

Mahafali yakikaribia utaombwa wimbo wa kuwapokea wageni. Chukua ule ambao darasa zima tayari linauimba kwenye sauti yake, hata kama ni mfupi, na ukatae kuchagua watoto kumi wenye sauti nzuri huku wengine wakiambiwa wafungue midomo tu.