Kabla Hujanunua Sensa, Tafuta Meno ya Panya

Kama nyumba yako iko jirani na shamba, stoo ya mahindi au banda la kuku, na gari lililolala zima limeamka linamisi, taa ya injini imewaka au stata haijibu, naomba usitoe hela ya kipuri chochote bado. Fungua boneti kwanza, uwashe tochi. Nimeona sensa nzima, koili nzima (ya kuwashia plagi) na hata kompyuta ya gari ambayo haikuwa na tatizo vikibadilishwa, kumbe kilichokatika ni waya wa urefu wa kidole.

Naishi pembeni ya mji wa Morogoro. Huku mahindi yakishavunwa na majani yakikauka, panya shamba na panya wa darini wote wanatafuta makazi, na injini iliyozimwa jioni ni chumba chenye joto, giza na ulinzi dhidi ya paka. Wanachotafuta kwenye waya mara nyingi si chakula. Meno ya mbele ya panya hayaachi kuota maisha yake yote, hivyo lazima atafune kitu ili yasizidi urefu. Kule Marekani kuna wenye magari waliowapeleka watengenezaji mahakamani wakidai ganda la waya lenye malighafi ya soya ndilo linalowavutia panya. Mimi sitegemei maelezo hayo, kwa sababu panya huyo huyo anatafuna bomba la maji, mlango wa mbao na waya wa taa ya ukutani. Gari la zamani nalo haliko salama.

Nitaeleza tukio moja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu unachohitaji kujua.

Gari letu dogo la Kijapani liliwaka asubuhi kwa shida, likatoa moshi mweusi wenye harufu ya petroli, na feni ya rejeta ikaanza kuzunguka pale pale injini ikiwa bado ya baridi. Nikalipeleka gereji. Mashine ya kupimia ikatoa namba P0118, ambayo ni ya sakiti ya sensa ya joto la maji.

“Bosi, sensa imekufa. Nenda dukani, nakufungia sasa hivi,” kijana akaniambia.

“Sawa fundi, lakini hebu nionyeshe kwanza inasoma nyuzi ngapi.”

Akafungua ukurasa wa vipimo vya moja kwa moja. Kioo kikaandika -40. Morogoro, jua limeshatoka.

Namba hiyo ina maana yake. Sensa ya aina hii upinzani wake wa umeme unapanda kadiri baridi inavyozidi. Waya ukikatika, umeme haupiti kabisa, na kompyuta inatafsiri kwamba injini imeganda. Ndiyo maana inamwaga mafuta kupita kiasi, halafu kwa tahadhari inawasha feni. Sasa sensa mbovu kwa ndani inaweza kutoa dalili hizo hizo, kwa hiyo tukafanya kipimo kinachotenganisha mambo haya mawili: tukachomoa soketi ya sensa, tukaunganisha matundu yake mawili kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imewashwa. Kama njia ni nzima, kioo kinaruka kutoka baridi kali hadi joto la juu kabisa, na hapo unajua sensa ndiyo mbovu. Kwetu ilibaki -40. Maana yake umeme ulikuwa unapotea kati ya soketi na kompyuta. (Fanya hivi kwenye sensa ya joto yenye nyaya mbili tu. Zile za nyaya tatu zina waya unaoleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, ukiunganisha ovyo utapiga shoti na kuongeza tatizo.)

Tukafuata fungu la nyaya kwa mkono, taratibu, hadi nyuma ya injini chini ya manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini. Pale palikuwa na majani makavu, vipande vya mfuko wa plastiki na vinyesi vyeusi vyenye umbo la punje ya mchele. Waya ulikuwa umekatwa kwa mshazari, na ncha ya shaba ilikuwa bado inang'aa. Hiyo ni alama nzuri ya kuangalia, kwani shaba inayong'aa ni kidonda cha juzijuzi, na iliyogeuka kijani au nyeusi imekaa muda. Pembeni yake kulikuwa na waya mwingine ambao ganda limemenywa upande mmoja bila kukatika. Huo ungetusumbua mvua zikianza.

Jambo ninalotaka ulishike ni kwamba namba inayotolewa na mashine inataja sakiti, haitaji kifaa kilichokufa. P0351 inasema kuna shida kwenye njia ya koili ya kwanza. P0113 inasema volti ya sakiti ya sensa ya joto la hewa imepanda kupita kiasi, jambo linalotokea sana waya unapokatika. Na kama usiku mmoja zimejitokeza namba tatu nne zisizohusiana, basi vifaa vinne havikufa kwa pamoja. Tafuta mahali ambapo nyaya zao zinapita pamoja, au waya wa ardhi (hasi) wanaoutumia wote.

Tatizo linalokuja na kuondoka ndilo linalochosha watu. Gari linatulia gereji, likipita kwenye mashimo au kwenye maji linaanza tena. Hapo fikiria waya uliomenywa unaogusa bodi, au uliobaki na uzi mmoja wa shaba. Huu wa uzi mmoja unadanganya mita: ukipima unakuta volti 12 kamili, lakini ukiutwisha mzigo hauwezi kubeba. Kwa nyaya nene, kama za pampu ya mafuta au taa kubwa, pima kwa balbu ya gari. Balbu ikiwaka hafifu huku betri ni nzima, umeupata. Usitumie balbu kwenye nyaya nyembamba za kompyuta na sensa, na usizitoboe kwa sindano ya kipimo, maana tundu hilo litaingiza maji. Nyaya zinazopita kwenye soketi za njano ni za airbag. Hizo usizipime mwenyewe.

Fyuzi ikiungua, badilisha mara moja tu. Ikiungua tena, acha. Kuweka fyuzi kubwa zaidi au kuzungushia waya ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye fungu la nyaya, na penye kiota cha majani makavu moto huo hautakuwa na mwisho mzuri.

Kwenye matengenezo mimi ni mkali. Kusokota nyaya mbili na kufunika kwa tepu ni kazi ya kukufikisha nyumbani tu. Chomoa kwanza waya hasi wa betri. Kata sehemu iliyoharibika hadi ukute shaba safi, unga kwa waya wa unene ule ule, chomea kwa risasi au bana kwa kiungo kizuri, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Kama nyaya kadhaa zimekatwa mahali pamoja, viungo visikae sambamba, kimoja kipishane na kingine ili visigusane wala kuvimba. Nyaya mbili zilizosokotwa pamoja tangu kiwandani zirudishe zikiwa zimesokotwa hivyo hivyo. Ndizo zinazobeba mawasiliano kati ya kompyuta za gari, na msokoto wake una kazi.

Sasa afya yako, tafadhali. Mkojo wa panya unabeba vimelea. Mwaka 2022 kule Ruangwa, Lindi, homa ya mgunda iliua watu, na panya ni miongoni mwa wanyama wanaoeneza ugonjwa huo. Usipulize kiota kwa hewa ya kompresa wala kukifagia kikiwa kikavu. Vaa glavu na barakoa, nyunyizia maji yenye dawa ya klorini, subiri kidogo, kisha okota na kufukia. Angalia pia chujio la hewa ya injini na lile la kiyoyozi nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Kama AC inatoa harufu ya mkojo, kiota kiko humo.

Kuhusu kuwazuia, nimesikia mengi, na machache tu ndiyo ninayoyategemea. Kwanza mazingira: ondoa magunia, kuni na majani karibu na gari linapolala, na usiache punje za karanga au mikate ndani ya gari. Mitego ya kubana, kwenye njia zao kando ya ukuta, inafanya kazi kuliko sumu. Sumu siipendi kabisa, maana panya anakwenda kufia ndani ya dashibodi, na paka wa jirani anayemla naye anaondoka. Wavu wa chuma wenye matundu madogo kwenye mdomo wa hewa unasaidia, kwa kuwa panya mdogo anapita kwenye upenyo wa milimita 6 tu. Hakikisha wavu haugusi feni, mikanda wala ekzosi. Honda wanauza tepu yenye ukali wa pilipili kwa ajili ya kuzungushia nyaya, na mimi baada ya kuunga huwa nafunika sehemu iliyoliwa kwa bomba la plastiki lenye mikunjo. Naftalini na vifaa vya kupiga sauti isiyosikika siwezi kukushauri. Gari linalokaa siku nyingi bila kuwashwa liache boneti wazi usiku kama uwanja wako una usalama. Panya hapendi mahali penye mwanga na upepo.

Na kama una bima kubwa, piga picha za meno, kiota na vinyesi kabla fundi hajagusa kitu, na hifadhi vipande vya waya vilivyokatwa kwenye mfuko. Kuna mikataba inayolipa uharibifu wa panya na kuna inayouondoa waziwazi, kwa hiyo omba kampuni yako ikuonyeshe kifungu hicho kwa maandishi sasa, gari likiwa bado zima.