Nimekatwa mkono na mashine ya mahindi: je, kudai fidia ni kuipinga kadari?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, shehe. Mimi ni kijana wa wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma. Msimu uliopita wa mavuno nilikuwa kibarua kwenye mashine ya kupukuchua mahindi inayoendeshwa kwa trekta. Malipo yetu yalikuwa kwa gunia, na kazi yangu ilikuwa kulisha. Kava la pale mdomoni tajiri alikuwa amelifungua ili mahindi yapite haraka. Mkono wa sweta ukanaswa, ukauvuta mkono wangu wa kulia, na hospitali wakaukata chini kidogo ya kiwiko. Tajiri alilipa gharama za hospitali, akanipa na shilingi laki tatu. Nikiwa bado kitandani nikaweka dole gumba la kushoto kwenye karatasi inayosema nimesamehe na sina madai. Sikusomewa yote. Sasa nataka kudai, ila wazee msikitini wananiambia ile ilikuwa kadari, mwenye kudai anampinga Mwenyezi Mungu, halafu tajiri ni Muislamu mwenzetu. Kuna jamaa mwingine anasema nikaeleze kwamba nililazimishwa kuingiza mkono, yeye atanisimamia, kitakachopatikana tugawane nusu kwa nusu. Je, inafaa nidai? Ile karatasi imenifunga? Pesa za ule mfuko wa fidia ni halali? Na kwenye udhu nioshe nini?

JIBU

Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Pole sana, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe subira na akulipe kilicho bora.

Wazee wako wamesema kweli katika jambo moja: msiba haumpati mtu ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, na hilo limo katika Suratut-Taghabun aya ya 11. Kuamini hivyo ni wajibu wako. Lakini hapo wamekuhukumia jambo ambalo aya haikulisema. Kuridhika na kadari ni baina yako na Mola wako, na haki iliyo mikononi mwa mtu ni baina yako na yeye. Sayyidna Umar bin Khattab alipokataa kuliingiza jeshi Sham kwenye tauni aliulizwa, je, unakimbia kadari ya Allah? Akajibu kwamba tunaikimbia kadari ya Allah kuelekea kadari ya Allah. Ajali yako ni kadari, na haki ya kudai iliyowekwa na sheria nayo ni kadari.

Tena niwaulize wazee hao kwa heshima zote: mbuzi wa jirani wakiingia usiku kwenye shamba la mtama, nani kati yenu hunyamaza akasema ni kadari? Wote huenda kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo. Na wanafanya sawa, kwa sababu Nabii Daudi na Nabii Suleiman, amani iwe juu yao, walihukumu kesi ya namna hiyo hasa, kondoo waliokula shamba la watu usiku, na Qur'ani imeitaja katika Suratul-Anbiyaa aya ya 78. Ikiwa mtama una fidia, mkono wa mwanadamu utakosaje?

Mtume, rehema na amani zimshukie, katika waraka aliompa Amr bin Hazm kwa ajili ya watu wa Yemen alibainisha dia ya nafsi, yaani fidia ya uhai wa mtu, kuwa ngamia 100, na wanazuoni wamekubaliana kwamba mkono mmoja ni nusu yake, ngamia 50. Kila kidole ni ngamia 10. Sikutajii haya ili uende ukamdai tajiri ngamia 50. Mahakama za nchi hii hazihukumu kwa dia, na kiwango hicho ni cha mtu aliyejeruhiwa kwa kitendo cha mwenzake. Nakutajia ili ujue uzito wa kilichokupotea, maana naona watu wanataka kukuuzia ukubwa wake kwa laki tatu.

Swali gumu la kifiqhi, yaani la sheria ya dini, ni hili: nani mwenye dhamana ya kulipa? Utaletewa hadithi, nayo ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, kwamba mnyama, kisima na mgodi ni "jubaar", yaani madhara yake hayana fidia. Watasema mashine ni kama mgodi, na wewe ulikwenda mwenyewe. Wanazuoni waliifafanua: ni pale ambapo mwenye kisima au mgodi hakufanya uzembe wala hakuvuka mpaka. Ndiyo maana aliyechimba kisima katikati ya njia ya watu pasipo ruhusa walimbebesha dhamana. Aliyefungua kava linalozuia mikono, kwa sababu ya magunia machache zaidi kwa siku, huyo amevuka mpaka. Mtume amesema "laa dharara walaa dhiraar", hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Na wewe pia utazame upande wako bila kujionea huruma. Uliona kava halipo? Uliambiwa ukunje mikono ya sweta ukapuuza? Imepokewa kuwa Imam Ali bin Abi Talib alihukumu kesi ya wasichana watatu waliokuwa wakicheza. Mmoja alimbeba mwenzake mgongoni, wa tatu akamfinya yule aliyebeba, akaruka, na aliyebebwa akaanguka akavunjika shingo. Ali aliigawa dia mafungu matatu, akawatoza wawili fungu moja moja, na fungu la yule aliyeanguka akalifuta, kwa kuwa naye alishiriki katika mchezo ule. Kwa hiyo fungu lako la kosa, kama lipo, linapunguza unachomdai tajiri. Halimwondolei tajiri fungu lake.

Kuhusu karatasi. Mtu mmoja alichomwa pembe gotini, akamwendea Mtume kutaka haki yake palepale. Mtume akamwambia asubiri mpaka apone. Akang'ang'ania, akapewa, baadaye akarudi amekuwa kilema, na ikawa hana tena kitu. Tangu hapo Mtume akakataza kulipiza jeraha kabla mwenyewe hajapona. Hadithi hii ameipokea Imam Ahmad. Angalia hekima yake: jeraha likiwa bichi hakuna ajuaye limekula kiasi gani. Wewe uliweka dole hujajua utaweza kushika jembe au la, maneno hukusomewa yote, na aliyekuletea karatasi ndiye aliyekuwa akilipa kitanda unacholalia. Msamaha ni kutoa kwa ridhaa, na ridhaa haipatikani kwa mtu asiyejua anachotoa. Mbele ya Mwenyezi Mungu siioni karatasi hiyo kuwa imeondoa haki yako. Uzito wake mbele ya vyombo vya sheria ataueleza mwanasheria au msaidizi wa kisheria, na wasaidizi hao wapo wilayani wala hawatozi fedha. Hata hivyo zile laki tatu usizifiche. Kama zilitolewa kwa ajili ya mkono, zihesabiwe ndani ya unachodai.

Huo mfuko unaouliza ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Waajiri wote wa Tanzania Bara, wa serikali na wa binafsi, wanatakiwa wajisajili na wachangie. Mchango unatoka kwa mwajiri, haukatwi kwenye ujira wa mfanyakazi. Unagharamia matibabu, unalipia ulemavu kwa kiwango ambacho madaktari hukipima kwa asilimia, na una huduma ya utengamao, viungo bandia vikiwamo. Kama tajiri hakujisajili, kosa ni lake. Wewe peleka taarifa kwenye ofisi yao ya Dodoma, na usikae nayo, kwa sababu madai haya yana ukomo wa muda. Wala usikubali kuambiwa kwamba kibarua asiye na mkataba wa maandishi hana haki. Katika dini yetu makubaliano ya mdomo ya ujira ni mkataba, na ulipokubaliana naye malipo kwa gunia ulikwisha kuwa mwajiriwa wake.

Kuhusu uhalali wa pesa zake, wengi huniuliza kwa kuwa wanaziona kama bima. Ni kweli, Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa ya Jeddah, baraza la wanazuoni, mwaka 1985 iliharamisha bima ya kibiashara kwa sababu ya gharari iliyomo, yaani kutojulikana kitakachopatikana, na ikaruhusu ile ya kusaidiana. Mfuko huu hukuuziwa wewe wala hukuweka dau ndani yake. Mimi nauona uko karibu zaidi na alivyofanya Sayyidna Umar alipoitoa dia ya kosa la bahati mbaya kwenye ukoo akaiweka kwa watu wa diwani, yaani askari walioandikwa katika daftari moja la posho, wachangiane. Wanazuoni wa Kihanafi waliishika hukumu hiyo. Sisi Mashafi, wafuasi wa Imam Shafi, tulibaki na ukoo. Lakini ukoo gani leo utamlipia mwenye mashine inayozunguka kutoka Kongwa hadi Kiteto? Chukua, ni halali.

Huyo jamaa yako mwache. Mtume amesema kwamba huenda mmoja wenu akawa fundi wa hoja kuliko mwenzake, nikamhukumia haki ya ndugu yake, basi nitakuwa nimemkatia kipande cha moto. Na uongo wenyewe hata faida hauna! Mfuko hauulizi nani alikosea ndipo ulipe. Unauliza kama uliumia kazini na kwa sababu ya kazi, na uliumia kweli. Anachokutafutia ni dhambi ya bure kisha akukate nusu.

Amebaki tajiri. Kumsamehe ni jambo kubwa, Mwenyezi Mungu anasema katika Suratush-Shuura aya ya 40 kwamba mwenye kusamehe na kusuluhisha, ujira wake uko kwake Yeye. Ukitaka kumsamehe fungu lake, samehe ukiwa umepona, unajua haki yako ni kiasi gani, na hakuna anayekuzonga. Kusamehewa nawe hakumwondolei yeye wajibu: katika Suratul-Baqarah aya ya 178 aliyesamehewa na ndugu yake ameamrishwa alipe kwa wema. Nendeni mkasuluhishwe mbele ya imamu na mwenyekiti wa kijiji, muandike upya, usomewe kila neno. Na la kwanza kwenye suluhu hiyo liwe kava. Hilo usilisamehe, kwa sababu si lako peke yako kulitoa. Mashine ile msimu huu inalishwa na kijana mwingine. Akikataa kulirudisha, wapo Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, na kuwapelekea taarifa si fitina.

Udhu wako ni mwepesi. Kwa kuwa umekatwa chini ya kiwiko, osha kilichobaki pamoja na kiwiko chenyewe. Aliyekatwa kwenye kiungo cha kiwiko huosha ncha ya mfupa uliobaki, na aliyekatwa juu yake wajibu umemwondokea, ila ni sunna aoshe kilichosalia. Ukishindwa kujimiminia maji kwa mkono mmoja, mkeo au mdogo wako akumiminie, hakuna ubaya. Kidonda kikiwa hakijakauka na daktari amekukataza maji, osha unapoweza na utayamamu kwa ajili ya sehemu ile. Na kula kwa mkono wa kushoto hakuna lawama kwako, una udhuru.

Wallahu aalam.