Mgonjwa anapopumua, kifua hutanuka au hushuka?

SWALI: Nahariri maelezo ya huduma ya kwanza yenye sentensi hii: "Mgonjwa anapopumua kifua hutanuka." Mwenzangu anasema ni kosa kwa sababu kupumua ni kutoa hewa. Mimi najua ni kuiingiza. Nani yuko sahihi? Na je, tunaweza kuandika "anapohema"?

JIBU: Kila mmoja wenu ameshika nusu. Kupumua ni kuvuta hewa ndani na kuitoa nje, safari nzima kwa kitenzi kimoja. Nadhani mwenzako ameponzwa na matumizi ya kitamathali: mtu aliyemaliza mitihani husema "sasa napumua", yaani ametua mzigo, na hapo picha inayotujia ni ya mtu anayeshusha pumzi.

Mwili wenyewe unaonyesha kwa nini sentensi hiyo haitoshi. Chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kikijikaza hushuka na kuwa bapa, huku misuli iliyo katikati ya mbavu ikiziinua. Kifua hupanuka, shinikizo ndani yake hupungua, na hewa huingia puani, hupita koromeo, zoloto (sehemu ya koo inayotoa sauti) na bomba la hewa hadi kwenye vifuko vidogo vya mapafuni, mamilioni kwa mamilioni, ambako oksijeni huingia katika damu. Kiwambo kikilegea, mapafu hunywea yenyewe na hewa hutoka. Mtu aliyetulia hatumii nguvu kuitoa. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwa hiyo kifua hutanuka anapovuta pumzi, hushuka anapotoa pumzi, na yote mawili ni kupumua.

"Kuhema" msiiweke hapo. Najua wengi husema "nashindwa kuhema" wakimaanisha kupumua tu, na katika mazungumzo hakuna ubaya. Lakini katika maandishi ya tiba, kuhema ni kupumua kwa nguvu na kwa haraka, na kutweta ni kama kwa mtu aliyetoka mbio. Msomaji akikuta "anahema" atadhani mgonjwa amezidiwa.

Kwa kuwa mnahariri, angalieni pia msemo "tunavuta oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi". Umezoeleka mno, nao unapotosha. Tunachovuta ni hewa, ambayo oksijeni ni kama asilimia 21 yake tu. Hewa tunayoitoa bado ina takriban asilimia 16 ya oksijeni, na ndiyo maana kumpulizia mtu hewa mdomoni kunaweza kumsaidia. Kama tungetoa kaboni dioksaidi tupu, huduma hiyo ingemdhuru. Andikeni "tunavuta hewa yenye oksijeni".

Neno jingine litakalowafaa ni "kupumulia", linalotaja chombo au njia: mgonjwa anapumulia mashine, mtoto mwenye mafua anapumulia mdomo. Halina shida yoyote, litumieni.

Sentensi yenu basi iwe: "Mgonjwa anapovuta pumzi kifua hutanuka." Na kama lengo ni kumwelekeza msaidizi atambue iwapo mgonjwa bado anapumua, wazi zaidi ni: "Tazama kama kifua kinapanda na kushuka."