Sindano mkono wa kulia, mwanangu

Jumanne nimemkuta kijana wetu wa nusukaputi kainamia mkono wa kushoto wa mgonjwa, anatafuta mpigo wa kuingizia laini ya ateri, ule mrija unaotusomea presha kila mpigo. Ubaoni imeandikwa wazi: baipasi ya karotidi hadi sabklavia ya kushoto, kisha stenti-grafti kwenye upinde wa aota. Yaani ateri ya shingoni inaungwa na ile ya mkono wa kushoto, kisha bomba la kitambaa linawekwa ndani ya mshipa mkuu unaotoka moyoni. Nikamuuliza, "Mbona kushoto?" Akanijibu, "Kulia pamejaa, daktari." Nikacheka, kisha nikapandwa na hasira, maana jibu hilo ni langu. Haya, wageni wa thieta, sikizeni.

1. Laini ya ateri ni kulia. Siku yangu nami kulia palijaa: dripu mbili na mkanda wa presha. Nikaenda kushoto, sindano ikaingia mara ya kwanza, nikajiona fundi. Bosi akafungua shingo, kazi ikaenda vizuri. Alipoibana sabklavia ashone, wimbi kwenye monita likalala kama mkeka. 60, 40, mstari. Sikumuuliza mtu. Nikampiga efedrini, dawa ya kupandisha presha. Mstari. Nikampiga adrenalini. Mstari ule ule, na jasho linanitoka na AC iko juu kabisa. Sista wetu, mama wa Kisauni asiye na maneno mengi, akapenyeza mkono chini ya shuka, akashika kifundo cha mkono wa kulia. "Daktari, mpigo huu unaruka kama mbuzi." Akabonyeza kile kitufe cha mkanda ambacho mimi sikukikumbuka: 230.

Nilikuwa nausoma mkono ambao bosi ameukatia damu kwa koleo! Mshono mpya ukaanza kuchuruzika, na kifuani kuna uvimbe wa aota wa sentimita 7 unangoja kisingizio tu cha kupasuka. Bosi hakunitukana. Alisema, "Punguza," akakandamiza kitambaa cha gozi juu ya mshono dakika kumi nzima bila neno. Afadhali angenitukana. Mgonjwa alitoka kwa miguu yake. Mimi mahamri yalinishinda wiki nzima.

2. Tunaunga kwanza, ndipo tunaziba, maana stenti-grafti hufunika mdomo wa sabklavia. Sabklavia ya kushoto hailishi mkono peke yake, inapeleka damu hadi nyuma ya ubongo na kwenye uti wa mgongo. Nani angefunga njia ya Makupa kabla ya kuwapa watu mchepuko? Tumboni ni hivyo hivyo, kwa ateri za ini, matumbo na figo.

3. Dreni ya kutolea maji ya uti wa mgongo si bomba la bafu. Mililita 10 hadi 15 kwa saa, basi. Ukiiachia, damu itavuja kichwani.

4. Saa ya kutoa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, iandikwe. Usiniambie "kitambo kidogo."

5. Aproni ya risasi huvaliwa kabla ya kunawa. Kwa kuwa tunaanza na kisu, watu husahau, eksirei ya kuwekea stenti ikiwashwa wanajibanza nyuma ya bosi kama watoto nyuma ya buibui la mama.

Yule kijana wa Jumanne alinuna, lakini alihama. Dripu zote mbili akazipeleka kushoto. Ilimchukua dakika nne.