Fulana tatu katika joto la Februari

Mama ndiye aliyegundua, tena kwenye kamba ya nguo. Alikuwa anaanua, akasimama na beseni kiunoni akaniuliza, "Hivi baba, wewe kwa siku unavaa fulana ngapi?" Nikamwambia ni jasho. Jasho lilikuwepo kweli: Februari, Dar es Salaam, na mimi chini ya shati nimevaa fulana tatu ili mabega yaonekane mapana. Nilikuwa na miaka 24, kilo 86, mtaani wananiita baunsa. Kwenye kioo nilimwona kijana mwembamba kama fito.

Binti akiacha kula, siku hizi angalau kuna atakayeuliza. Kijana wa kiume akila mayai 12 ya kuchemsha, akapiga tizi asubuhi na jioni huku bega linauma, anasifiwa ana nidhamu. Mimi nilisifiwa miaka miwili mizima. Sikwenda harusi ya binamu yangu kwa sababu sikujua pilau litakuwa na mafuta kiasi gani. Niliwaambia nina malaria.

Mwaka 1993 Harrison Pope na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa wanaume 108 wanaojenga mwili. Tisa kati yao walijiona wadogo na dhaifu ilhali walikuwa wamejazia. Wakati huo Instagram haijazaliwa, ilikuja 2010. Kwa hiyo sisemi simu ndiyo iliyonipa ugonjwa. Iliulisha tu. Zamani ulijilinganisha na mbabe wa mtaa wenu, na yeye utamwona hata siku anaharisha. Wa kwenye simu humwoni siku hiyo.

Na picha zile najua zinavyopigwa, kwa sababu nilizipiga mwenyewe. Unasubiri seti ya mwisho, misuli imejaa damu, unasimama taa ikitokea juu, unabana pumzi, na maji hujanywa tangu jana. Baada ya nusu saa mtu yule hayupo. Wengine wana zaidi ya taa. Yule Mmarekani anayejiita Liver King alikuwa akihubiri maini mabichi na maisha ya mababu, hadi Desemba 2022 alipokiri kwamba anatumia steroidi, yaani homoni za kujaza misuli. Mamilioni walikuwa wanamfuata, nami nikiwemo, najaribu kuufikia mwili wa sindano kwa mayai.

Baadaye na mimi nikachoma. Kichupa kiliuzwa kwa meseji, kikaletwa na bodaboda. Sitaeleza zaidi, maana kuna atakayesoma hapa akitafuta jina la dawa.

Miezi minne ilipita, tukaenda na wenzangu wa kazini kuchangia damu. Nesi akanifunga kile kitambaa cha presha mkononi mara tatu. 168 kwa 104. Akawaita wengine wapite, mimi akanibakiza kwenye benchi, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kaka, unatumia nini?" Nikamdanganya. Wiki iliyofuata nikarudi kusema kweli, na daktari akaniunganisha na mwanasaikolojia. Huko ndiko nilikojua hali hii ya kujiona mdogo ina jina, kwa Kiingereza "muscle dysmorphia", inatibika, na ni ndugu wa ule ugonjwa wa kunawa mikono mara hamsini.

Kama umeshaanza sindano, usiendelee kimyakimya wala usiache kimyakimya. Mwili unaopokea homoni ya kiume kutoka nje huacha kutengeneza yake, na ukikata ghafla unaweza kukaa miezi huna nguvu, huna hamu ya kitu, mawazo yamekuwa meusi. Mwambie daktari umetumia nini na kwa muda gani. Aibu ni ya dakika tano.

Kuhusu simu, kuacha kubonyeza "like" kwenye picha hakutoshi. Ile mitandao inahesabu hata muda uliokodoa macho, kwa hiyo video unayoichukia lakini unaitazama hadi mwisho itakuletea nduguze kumi. Mimi niliingia kwenye mipangilio nikafuta mapendekezo yote. Instagram ilileta sehemu hiyo mwishoni mwa 2024, TikTok nayo ipo. Kisha nikafuatilia mpira na wapishi wa mtaani kwa makusudi. Ilichukua kama wiki mbili video za vifua kupungua kwenye simu. Picha zangu za kila asubuhi bafuni, 1,140, nilimpa mdogo wangu simu azifute. Mwenyewe nilishindwa.

Jimu sikuacha. Naenda mara tatu kwa wiki, upande ambao hauna kioo.

Kilichobaki kigumu ni ndugu. Kwetu mwili wa mtu ni salamu: umenenepa hongera, umepungua unaumwa? Baba mdogo kila Idi alikuwa ananibinya mkono hapa juu, "Mbona umeisha?" Idi iliyopita nikamvuta pembeni nikamweleza kwa kifupi, presha na yote. Akanyamaza, akakuna kidevu, akasema, "Sasa nikusalimie vipi?" Nikamwambia aniulize kazi. Mwaka huu kaniuliza kazi, halafu mkono ukamponyoka ukaanza kuelekea begani, akaurudisha mfukoni.