Paja kugoma ukitembea baada ya upasuaji wa ACL

Mkuu, unasema ni wiki ya tano tangu utengenezewe ACL, ile kano ya katikati ya goti, paja la mbele limesinyaa, la nyuma linakaza kila ukikanyaga, na unahofia kano mpya imeachia. Kano ataipima daktari wako kwa mikono yake. Ila hilo la misuli nimelipitia, na wengi niliokutana nao kwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, walikuwa nalo.

Msuli haujafa. Goti likiwa na maji ndani, neva za kiungo zinapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na amri ya kukaza paja la mbele inapunguzwa. Hata maji kidogo yanatosha. Fizio wangu aliniwekea vidole juu ya pia ya goti, upande wa ndani, akaniambia nigandamize taulo iliyoviringishwa chini ya goti. Upande wa nje ukakaza, wa ndani ukabaki teketeke. Jasho linanitoka kwa kubana taulo, mimi mcheza mpira wa ndondo!

Sasa ukitembea, kawaida kisigino kikigusa chini goti hukunja kidogo na paja la mbele hupokea uzito. Hilo likigoma, misuli ya nyuma inaingilia kati, inabaki imekaza ili goti lisicheze, nawe unachechemea na goti lisilonyooka. Kama kano mpya ilivunwa nyuma ya paja lako, jumlisha na kidonda cha pale.

Kwa hiyo squat za gym ziache kwanza, hangaika na uvimbe na kunyoosha goti. Barafu, mguu juu, kisigino kwenye mto huku chini ya goti kuko wazi. Mashine ya umeme ya kushtua msuli ilinisaidia sana, muulize fizio kama anayo. Na magongo usiyatupe kwa kuona aibu mtaani. Tembea nayo vizuri kuliko kuchechemea bila nayo, maana mwili unazoea mwendo mbovu. Mpira usahau kwa sasa, wataalamu wengi wanataka angalau miezi 9, na paja liwe limelikaribia lile lingine kwa nguvu.

Kigimbi kikivimba, kikiuma na kuwa cha moto, wahi hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa damu imeganda.

Hujasema kitu kimoja: ukilala chali, goti la upasuaji linanyooka sawa na lile lingine?